Lipieni utarajali wa kuendeleza ufundishaji vyuoni: barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, TCU na Makamu Wakuu wa Vyuo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya umma na binafsi.

YAH: OMBI LA KUTENGA FEDHA ZA UTARAJALI KATIKA VITENGO VYA KUENDELEZA UFUNDISHAJI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kama mhadhiri wa kemia katika kampasi ya mkoani. Sikusomea ualimu, na mtaona mbele kwa nini nimelitaja hilo mapema. Ninachoomba ni utarajali, yaani mafunzo kazini yenye posho: kila chuo kikuu kitengewe fedha za kuwalipa watu wachache, kwa mwaka mzima, wajifunze kazi ya kuwasaidia wahadhiri kufundisha. Na nafasi hizo zitolewe kwa makusudi kwa watu ambao mpaka leo kazi hiyo haijawafikia.

Wengi hawaijui kazi yenyewe, maana hata kwenye matangazo ya ajira haipo. Ni kazi ya mtu anayekaa na mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne wa mwaka wa kwanza, wakapanga pamoja wanafunzi hao watapata wapi nafasi ya kuuliza swali. Mtu anayeupitia mtihani kabla haujachapwa na kuuliza kama swali la tatu linapima uelewa au linapima nani amekariri desa, yale madokezo ya kurithishana, vizuri. Mtu anayekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini, kule ambako sauti hufika nusu na maandishi ya projekta hayasomeki, halafu jioni anamweleza mhadhiri alichokiona, wawili tu, bila nakala kwenda kwa mkuu wa idara. Marekani ofisi za kazi hii ni za siku nyingi. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua kituo chake mwaka 1962, na wanaoifanya wana chama chao, POD Network, tangu miaka ya 1970. Sisi tumekuwa na kamati, vitengo na miradi. Kada ya watu walioajiriwa kwa kazi hii na wanaopanda vyeo kwa kazi hii, hiyo sijaiona kwenye muundo wowote wa utumishi.

Tazameni tulivyo. Mwalimu wa darasa la pili kule Namtumbo amesomea ualimu na kupita mafunzo kwa vitendo kabla ya kukabidhiwa darasa. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya ualimu amekwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na mtu alisafiri kutoka chuoni kuja kukaa nyuma ya darasa lake na kumwandikia alichokosea. Lakini mhadhiri wa uhandisi, wa sheria, wa tiba ya mifugo, au wa kemia kama mimi, anaingia darasani kwa sifa moja tu: alifaulu sana. Matangazo ya nafasi za wakufunzi wasaidizi katika vyuo vya umma hutaka GPA (wastani wa alama) ya 3.8 ya shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi huongezwa 4.0 ya uzamili. Ni vipimo vizuri vya kujua nani analijua somo. Kama mtu huyo anaweza kumwelewesha mwingine, hilo hakuna anayeliuliza. Kijana anasubiri kibali cha ajira, kinatoka, anaripoti, na wiki ileile anakabidhiwa seminari ya watu hamsini. Anachokijua kuhusu kufundisha ni jinsi alivyofundishwa. Kama alisomewa slaidi, naye atasoma slaidi. Kisha muhula ukiisha tunahesabu sapu (mitihani ya marudio) na waliodisko (walioondolewa chuoni kwa kufeli), tunasema vijana wa siku hizi hawasomi.

Juhudi zimekuwepo, na si haki kuzifuta. Kati ya 2018 na 2021 Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dodoma vilishiriki mradi wa kuboresha ufundishaji vyuoni, TESCEA, pamoja na Gulu na Uganda Martyrs vya Uganda, kwa fedha za Uingereza, na AFELT, chama cha Kenya cha kuwaendeleza wahadhiri katika ufundishaji, kikiwa miongoni mwa waliowanoa wahadhiri. Kozi zilipangwa upya ili mwanafunzi afikiri na kutatua jambo, asiwe wa kunakili tu. Baadaye ukaja HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa muda wa miaka mitano. Humo mna majengo, maabara, kuhuisha mitaala, na wahadhiri kupelekwa kusoma uzamili na uzamivu. Kampasi mpya zimeanza kuinuka Kagera, Lindi, Tanga na kwingineko. Sina ugomvi na tofali hata moja.

Shida yangu ni kwamba mradi una tarehe ya kufungwa, na kinachobaki nyuma yake mara nyingi ni vyeti. Ratiba ya warsha ya pedagojia tunaijua wote kwa kichwa: usajili, ufunguzi rasmi wa mgeni aliyechelewa, picha ya pamoja, chai na sambusa, mada ya kwanza saa tano, siku ya tatu vyeti na kusaini posho. Yanayofundishwa pale mara nyingi ni mazuri kweli, na nimenufaika nayo. Lakini Jumatatu mhadhiri anarudi ukumbi uleule, wanafunzi walewale, kipaza sauti kilekile kinachokatika. Anajaribu lile jambo la vikundi, linamshinda dakika ya kumi, kelele zinapanda, anarudi kwenye slaidi zake. Hana wa kumpigia simu na kumwambia, "Njoo Jumatano uone linakwama wapi." Huyo wa kupigiwa simu ndiye ninayemdai katika barua hii.

Pale ambapo yupo, ni nani? Kwa niliyoyaona, ni mhadhiri mwandamizi wa kitivo cha elimu, mara nyingi mwanaume, yuko kampasi kuu, amepewa uratibu juu ya mzigo wake wa kawaida wa vipindi na usimamizi wa tasnifu. Ninawaheshimu watu hawa; bila wao tusingekuwa hata na hicho kidogo. Ila wanapokuja kwetu sayansi na mifano ya darasa la historia, tunatazamana. Wanapozungumzia mjadala wa vikundi vya watu sita, mwenzetu wa uhandisi anawaza karakana yenye mashine moja na wanafunzi arobaini wanaoizunguka. Wanapopanga kikao saa kumi na moja jioni, tayari wameshachagua nani asihudhurie.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Kazi isiyolipwa hujichagulia watu wake yenyewe. Anayeweza kuzitoa Jumamosi zake bure ni yule ambaye mshahara umeshatulia, nyumba iko karibu na chuo, na kuna mtu wa kumwachia watoto. Wengine wote, hata wawe na kipaji namna gani, wanachujwa kabla ya mtu yeyote kuwachuja.

Nitoe mfano wa fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi. Wanafunzi walimfuata yeye kabla ya kumfuata mhadhiri. Alikuwa na namna yake ya kufundisha taitresheni, kupima kemikali kwa kudondosha nyingine tone kwa tone kutoka kwenye mrija wa bureti mpaka rangi ibadilike: aliwaacha kwanza wapitilize, rangi iwe ya waridi iliyokolea mpaka wacheke, halafu ndipo anauliza tone lipi lilikuwa la mwisho kuhitajika na wangelijuaje. Wanafunzi waliopita kwake walijua kusoma bureti, na zaidi ya hapo walijua kosa linatokea wapi. Siku ilipoitishwa warsha ya kuboresha mafunzo ya vitendo maabara, mwaliko uliandikwa "kwa wanataaluma wote". Yeye si mwanataaluma kwa mujibu wa muundo. Yuko kada ya waendeshaji. Wakaalikwa watu ambao hawajaigusa bureti tangu wapate uzamivu, na yeye ndiye aliyewafungulia mlango wa maabara na kuwapangia viti.

Mwingine ni dada mmoja, mkufunzi msaidizi wa hisabati. Aliona kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaanguka kwenye kozi ya kalkulasi kwa sababu ya aljebra ya kidato cha tatu, akabuni majaribio mafupi ya wiki za mwanzo ya kuwabaini mapema. Wahadhiri wawili wa idara nyingine wakamwomba awasaidie wafanye vivyo hivyo. Chuo kikafurahi, kikamwomba aratibu, bila malipo na bila kupunguziwa kipindi hata kimoja. Alivumilia muhula mmoja. Muhula uliofuata alikuwa na mtoto mchanga na uzamili wa kumaliza, akaacha. Baadaye kamati ilipokaa kujadili kwa nini wanawake ni wachache kwenye shughuli hizo, kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba "hawajitokezi".

Na kuna wasiohesabiwa kabisa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Niambieni ni wangapi kati yao wako kwenye ofisi zinazowashauri wahadhiri namna ya kufundisha. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi ya skrini. Anapewa kitini kilichopigwa picha na simu, kurasa zimelala upande, programu haina inachokiona. Mhadhiri si mkatili, hajui tu. Kijana mmoja asiyeona akikaa mwaka mmoja kwenye kitengo cha ufundishaji, kazi yake ikiwa kupokea vitini na kuvirudisha kwa wenyewe na maelezo ya jinsi ya kuviandaa, chuo kizima kitajifunza jambo ambalo waraka haujaweza kulifundisha.

Tumeshawahi kujifunza, kwa gharama, kwamba sharti linaloonekana sawa kwa wote haliwagusi wote sawa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, kujenga msomi anayeijua nchi. Matokeo yake idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka, na baada ya muda mfupi Serikali ikawaondolea wanawake sharti hilo. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuridhika kulalamika kwamba wasichana hawaji sayansi. Kilianzisha mafunzo maalumu ya kabla ya kuingia chuoni, kikayatafutia fedha, wakaja. Wote wawili, Serikali na chuo, walifika kwenye hitimisho lilelile: kumwambia mtu "karibu" hakutoshi kama njiani hakuna daraja.

Mfano wa karibu zaidi mnao mezani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa mafunzo kazini, SEAP, tangu mwaka 2003. Mhandisi mhitimu anawekwa kazini chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, kwa utaratibu unaoeleweka, kwa posho, mpaka afikie usajili. Norway ilipotia fedha zake humo ilizielekeza kwa wahandisi wanawake, ambao walikuwa wakipotea njiani kati ya shahada na usajili. Hawakupewa usajili wa bure. Walilipiwa muda wa kujifunza kazi, basi, kama wenzao. Ninachoomba kwa ajili ya ufundishaji wa vyuo vikuu ni mpango wa ukoo huohuo, mfupi zaidi na wa gharama ndogo zaidi.

Nje ya mipaka nako si jambo geni. Afrika Kusini ilianzisha mpango wa nGAP mwaka 2015, Serikali ikilipia nafasi mpya za wanataaluma vijana kwa miaka sita, wanakuwa na mlezi, wanapunguziwa vipindi, na uteuzi unaangalia makundi yaliyoachwa nyuma na historia ya nchi ile. Kwenye kazi hii hasa ninayoizungumzia, wale POD wa Marekani wamekuwa na ruzuku za utarajali kwa sababu ileile: walijitazama wakaona wanafanana mno, wakaamua kulipia watu wa makundi mengine waingie kwenye ofisi hizo wajionee. Siwataji ili tuwaige kila kitu. Nawataja kwa sababu wao wana fedha kuliko sisi na bado hawakutegemea kujitolea.

Sasa utaratibu. Mtarajali aanze Oktoba, sambamba na kalenda ya masomo, amalize Septemba. Nafasi zisipungue mbili kwa chuo kidogo na nne kwa chuo kikubwa, na angalau mmoja awe kampasi ya mkoani, si makao makuu. Waombaji wawe wahitimu, wakufunzi wasaidizi, mafundi sanifu wa maabara na karakana, wakutubi, na watu wa TEHAMA wanaohangaika na mifumo ya kujifunzia mtandaoni. Nusu ya nafasi ziende kwa watu wa nje ya vitivo vya elimu. Nusu ziende kwa wanawake. Kuwe na nafasi zilizotengwa kwa watu wenye ulemavu, pamoja na fedha ya mkalimani wa lugha ya alama au msomaji, maana nafasi bila hiyo ni karatasi. Vyuo vidogo vya binafsi, ambavyo havina kitengo chochote, viruhusiwe kumleta mtu wao akae mwaka kwenye chuo kikubwa na kurudi. Tunguu nako, kwa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mazungumzo yafanyike na wizara yao ili mpango usiishie Kigamboni.

Muhula wa kwanza mtarajali amfuate mzoefu: vikao, kupitia mitaala, kukaa madarasani. Muhula wa pili awe na kazi yake mwenyewe. Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni maoni ya katikati ya muhula. Katika vyuo vyetu mwanafunzi hutathmini ufundishaji mwishoni kabisa, kwenye mfumo, mara nyingi akibofya haraka haraka ili ayafikie matokeo yake. Majibu yanafika wakati darasa limeshasambaa. Badala yake, wiki ya saba mhadhiri anampisha mtarajali dakika ishirini za mwisho na kutoka nje. Mtarajali anawagawa wanafunzi kwenye vikundi na kuwauliza mambo matatu: nini kinawasaidia kujifunza kwenye kozi hii, nini kinawakwaza, na ni badiliko gani moja linawezekana kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Anakusanya, anaangalia yanayokubaliwa na wengi, anaandika ukurasa mmoja, anampelekea mhadhiri peke yake. Mhadhiri ndiye anayeamua, na wiki ya nane analiambia darasa atabadilisha nini na nini hakiwezekani. Mara nyingi yanayotoka ni madogo sana: "Tafadhali asifute ubao kabla hatujamaliza kunakili." "Maswali ya seminari yaje siku moja kabla." Hayahitaji bajeti, lakini pia hayawezi kumfikia profesa mwenye watu mia nne kama hakuna mtu katikati.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ninalolisikia kuliko yote, nalo ni la umri. Kijana wa miaka ishirini na sita atamfundishaje profesa kufundisha? Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu sisi ni watu wa shikamoo na sioni aibu kwa hilo. Ila tazameni anachokifanya. Hamfundishi profesa. Anamletea habari ambazo profesa hana namna ya kuzipata, na anazileta kwa adabu, akianza na yale yanayokwenda vizuri. Kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi anakumbuka bado kiti cha nyuma kikoje. Na wanafunzi wanamwambia yeye mambo ambayo CR, mwakilishi wa darasa, hathubutu kuyasema mbele ya mwenye alama zake mkononi. Maprofesa ninaowafahamu mimi, wale wenye kujiamini, wangemkaribisha chai. Ambao hawatamkaribisha, mpango uwe wa hiari, asilazimishwe mtu.

Mtasema tukishawafunza watakimbilia mashirika. Wengine watakwenda, ndiyo. Watakwenda kwa sababu hakuna pa kubaki. Ndiyo maana utarajali peke yake hautoshi na sitaki mniitikie nusu. Wizara ikae na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, liingizwe kwenye muundo wa utumishi jina la kazi: Mwendelezaji wa Ufundishaji, daraja la II, la I, mwandamizi, mkuu. Fundi sanifu wangu aweze kuliomba. Mkufunzi msaidizi aliyegundua kwamba moyo wake uko kwenye ufundishaji kuliko machapisho aweze kuhamia huko bila kuonekana ameshindwa. Na kwa anayebaki mhadhiri, mwaka wake wa utarajali uhesabiwe anapoomba kupanda cheo, uwe na uzito unaoeleweka, maana leo mtu akichapisha makala mbili kuhusu kufundisha anapata pointi, akiwasaidia wenzake thelathini kufundisha anapata asante.

Kuhusu fedha, nifanye hesabu ya mfano. Wahasibu wenu wataisahihisha. Vyuo 15, watarajali 4 kila chuo, ni watu 60. Kila mmoja alipwe shilingi 800,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 48 kwa mwezi, milioni 576 kwa mwaka. Ongezeni bima ya afya, nauli za kwenda kampasi za mbali, fedha ya msomaji na mkalimani, na kifuta jasho cha walezi wao; tuseme yote yafike milioni 800. Kwa dola ni kama laki tatu hivi. Sehemu moja ya elfu ya mkopo wa HEET ni dola 425,000. Mpango wa mwaka mzima unaingia ndani ya sehemu hiyo moja ya elfu na chenji inabaki.

Lakini msiuweke kwenye mradi. Uwekeni kwenye bajeti ya kawaida ya Wizara, kifungu chenye namba yake, ili siku mfadhili akifunga virago usiondoke naye. Na posho zilipwe kwa wakati. Nalisema hili kwa sababu tunakumbuka Januari 2012, mgogoro wa madaktari ulipoanzia kwa watarajali wa Muhimbili waliokuwa wakidai posho zilizochelewa. Mwaka usiolipwa kwa wakati huwabakisha walewale wenye akiba, tukarudi tulikotoka.

TCU mna nafasi ambayo hakuna mwingine anayo. Mnakagua vyuo, mnahesabu madawati, vitabu, uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi. Kwenye viwango vyenu ongezeni swali moja ambalo mkaguzi atauliza: mhadhiri mpya wa chuo hiki anasaidiwa na nani kufundisha, na huyo anayesaidia analipwa na nani? Chuo kikijibu kwa kutaja kamati, kiombwe kutaja jina la mtu na saa zake za kazi.

Makamu Wakuu, ninyi hamhitaji kumsubiri yeyote kwa sehemu ya hili. Kumpunguzia mkufunzi msaidizi vipindi viwili ili akae kwenye kitengo ni uamuzi wa kikao kimoja. Kubadilisha mwaliko wa warsha kutoka "wanataaluma wote" kuwa "wote wanaofundisha, ikiwemo maabara na karakana" ni kazi ya kuhariri mstari mmoja. Anzeni na hayo muhula ujao.

Kuna haraka. Mitaala mipya ya shule ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na watoto wanaosomea humo wanazoeshwa kutenda na kuuliza. Watafika kwetu. Kampasi za Lindi na Kagera zitapokea wahadhiri wengi wapya kwa wakati mmoja, mbali na wazoefu wa kampasi kuu, na hao ndio wangefaa kuwa wa kwanza kupata mtarajali karibu yao.

Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Ili kifungu hiki kionekane kwenye hotuba ya Wizara, maandalizi yake yafanyike kabla ya hapo, na mimi na wenzangu kadhaa wa sayansi, uhandisi na kilimo tuko tayari kuja kukaa na maofisa wenu kuandika rasimu ya mwongozo wa utarajali, vigezo vya uteuzi na mchanganuo wa gharama. Nauli tutajilipia. Naomba tu kikao kisipangwe saa kumi na moja jioni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa kemia, kampasi ya mkoani